Nyumba Hii Ina Watu

"Na usiniambie eti ulikuwa unanyoosha mgongo," Cicily alikuwa akisema, kidevu kimepanda juu ya ua wa michongoma. "Mgongo hunyooshwa kitandani. Mimi nimekuona kwa macho haya mawili, Mama Bundi. Umesimama hapo, mikono yote juu, uso umeupeleka mlimani, Kirimaara. Mara umeinama, mara umeinuka. Kama huko si kuuabudu mlima, ni nini?"

"Ni yoga," Igoki akajibu, akiendelea kufagia.

"Hata jina lenyewe si la Kikristo."

"Kwani Cicily ni jina la Kimeru?"

Mwanamke aliyekuwa akipita njiani na jerikeni ya maziwa alipunguza mwendo, akaitua chini, akaanza kufunga upya leso ambayo haikuwa imefunguka. Muthara ni soko, na kila mtu anajua kwamba bidhaa ya kwanza kuisha sokoni ni habari. Anayeipata bure njiani hana sababu ya kuharakisha.

"Usinigeuzie maneno. Nimekuuliza kwa nini mlima."

"Nimeuelekea mlima kwa sababu upande ule mwingine kuna choo chako. Ungependa nikiinulie choo mikono?"

Mwenye jerikeni alicheka mpaka akashika kiuno, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Majirani wawili wakirushiana maneno ni kama manyunyu ya asubuhi, hukauka kabla ya chakula cha mchana. Lakini Cicily, Mama Kiogora kwa majirani, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani, mwanzilishi wa nyimbo zote, mtu ambaye hata mchungaji humpigia simu kabla ya kuamua jambo. Kuchekwa mbele ya mchuuzi wa maziwa hakukuwa katika mipango yake.

Na tusimwonee, kosa lake lilikuwa kosa ambalo mtu yeyote wa huko angelifanya. Vilima vya Tigania vina wazee walioacha kanisa wakarudi kusali kama babu zao, alfajiri, mikono juu, uso mlimani. Watu huwaamkia kwa heshima wakikutana nao, kisha huwasengenya wakishapita. Ukionekana umeinua mikono kuelekea huko kabla jua halijatoka, jina lako limekwisha kupatikana, na hakuna atakayekuja kuuliza kama una jingine.

"Sawa," Cicily akasema polepole. "Wakwe zako wanakuja Jumamosi kumwona mtoto, si ndiyo? Tutaona ni nani atakayewaimbia langoni. Labda mlima utashuka."

Kidevu kikateremka, kikapotea. Igoki aliendelea kufagia, lakini sasa alikuwa akifagia mahali pamoja tu.

*

Maneno yale ya lango hayakuwa ya mzaha. Bundi, mwana wa Igoki, fundi wa umeme katika hosteli za wanafunzi kule Nchiru, alikuwa amemwoa Wawira, binti wa Kiambere, huko Mbeere katika Embu, na Wawira alikuwa amejifungua mtoto wa kike, wa kwanza. Wakwe wakija kumwona mtoto hawaingii tu kama watu waliopotea njia. Husimama nje ya lango na vibuyu vyao vya uji, wakaimba wakiuliza kama nyumba ile ina watu. Walio ndani huwajibu, hujisifu, huwatania, mpaka wageni waridhike kwamba binti yao hakuolewa penye upweke. Lango lisipojibiwa, vibuyu huachwa nje na wageni hurudi kwao, na habari hufika Embu kabla yao.

Na wa kujibu ni akina nani, kama si kikundi cha akina mama?

"Tubu," Muthamia alimwambia mkewe jioni hiyo, akichambua miraa yake bila kuinua macho. Muthamia alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyatoa kama anayelipa ushuru. "Sema ulikosea. Yanatoka, yanaisha."

"Nitubu nini, Baba Bundi?"

"Wanachotaka."

"Wanataka niseme niliusujudia mlima."

"Basi sema. Mlima hautakushtaki."

Wawira alitoka chumbani, mtoto begani. Alikuwa amesikia yote. Nyumba za mabati hazifichi maneno.

"Mama, nimpigie mama simu? Niseme mtoto ana homa, wasije kwanza."

"Mtoto ana homa?"

"Hana."

"Basi usimpe homa ili mimi nipate amani," Igoki akasema. "Mpe titi."

Lakini alipobaki peke yake jikoni alikaa muda mrefu, mwiko mkononi, ugali ukishika sufuria. Wawira alikuwa mgeni hapa. Watu wa Muthara walimwita "yule wa Embu" mbele yake, na alicheka nao, kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Siku yake moja ya kusimama wima ilikuwa Jumamosi.

*

Yote yalianzia kwenye chapati. Njoki, mama yake Wawira, alikuwa amempigia simu mwezi wa nane. Watu wa Nairobi walikuwa wamekodi kiwanja kando ya bwawa la Kiambere, waje wakae siku kadhaa wakimwimbia Mungu na kunyoosha viungo. Hawali nyama hata ya kuonja. "Mkwe, mimi ndengu nitaziweza, lakini chapati za watu wote hao zitaniua. Njoo tusukume."

Igoki akashuka Mbeere, kwenye joto la kuivisha yai mfukoni, akasukuma chapati. Asubuhi, kutoka jikoni, waliwaona wageni wamejipanga kwenye mikeka, vijana na wazee, Waafrika na Wahindi na Wazungu wachache waliokwisha kuiva mabega, wote mguu mmoja juu.

"Na wamelipa," Njoki akasema. "Wamelipa ili wateswe."

Jioni ndiyo waliimba. Walikuwa na kinanda kidogo kinachopulizwa kwa mkono, na ngoma mbili, na mwalimu wao alikuwa mama wa Kihindi wa Nairobi aitwaye Hansa, mnene, mvi zake kazisokota nyuma. Hansa aliimba mstari mmoja, watu wakaurudisha. Akaimba tena, wakaurudisha. Igoki alisimama nyuma, unga hadi kwenye viwiko. Jambo hilo alilijua. Hivyo ndivyo nyanyake alivyoimba wakipura nafaka ya wimbi: mmoja anatupa, wengi wanadaka. Bila kujijua akaanza kuwafuata kwa midomo.

Hansa alimwona. Nyimbo ziliposimama akamjia moja kwa moja.

"Mama, midomo inaimba. Sauti iko wapi?"

"Sauti yangu ni ya kukwaruza. Inaharibu za wenzangu."

"Nani amesema?"

Igoki hakutaka kusema. Lakini kuna wageni ambao ni rahisi zaidi kuwaambia mambo kuliko ndugu, kwa kuwa hutaonana nao msibani. Akamwambia. Alipoingia kwaya ya akina mama, angali bi arusi, kiongozi alimvuta kando akamshauri kwa upole: wewe, dada, chezesha tu mdomo, sare umevaa, inatosha. Naye akachezesha. Alichezesha kwenye arusi na matanga, Krismasi na Pasaka, mpaka Bundi akakua akaoa. Hakuna aliyejua isipokuwa kiongozi yule, na Mungu, ambaye labda alidhani mama huyu ana jino linalomuuma.

Hansa hakumhurumia. Alicheka. "Yangu pia inakwaruza. Wewe lete yako, tukwaruze wawili."

Kesho yake Igoki alilala kwenye mkeka mwisho wa safu, leso imefungwa juu ya suruali ya Njoki. Aliambiwa avute pumzi mpaka tumboni, akagundua kwamba yake huishia kooni, kama mtu anayepiga hodi kisha anakimbia. Siku zilizofuata pumzi ilishuka kidogo kidogo. Kulikuwa na majina waliyomwitia Mungu ambayo yeye hakuyajua. Yalipofika hayo alinyamaza akasema Baba Yetu wake kimoyomoyo, wala hakuna aliyemsukuma.

Jioni ya mwisho Hansa alisema mwenye wimbo wa kwao wa kumshukuru Mungu auanzishe. Njoki akamfinya mkwe wake. Igoki akasimama, akatupa wimbo wa nyanyake wa wimbi, wa kumshukuru Murungu kwa mavuno. Mstari wa kwanza ulitoka kama mlango wa ghala uliokaa bila kufunguliwa. Akataka kukaa. Lakini kiwanja kizima kilikuwa kimekwisha kuudaka, maneno wameyavunjavunja, Kimeru hakijawahi kuteswa vile, na kikamrudishia sauti yake ikiwa imekuwa kubwa. Akatupa wa pili. Njoki aliacha jiko, na chapati zikaungua mpaka wageni wakasikia harufu, na hakuna aliyejali.

Mtu mmoja alimrekodi kwa simu. Kipande hicho kilifika Muthara kabla ya Igoki mwenyewe.

*

Wazee wa kanisa walimwita katikati ya wiki. Viti vilikuwa vya mchungaji, wazee wawili na Cicily. Yeye alionyeshwa benchi la watoto wa shule ya Jumapili, akaketi magoti yakimkaribia kidevu.

Mchungaji Mutembei alikuwa mtu mwema aliyechoka. "Mama Bundi, hatutaki makuu. Ijumaa, kwenye maombi ya jioni, upige magoti mbele ya wenzako, useme uliinulia mlima mikono, nasi tukuombee. Jumamosi akina mama wote watakuwa kwako."

"Sikuuinulia, Mchungaji."

"Watu wameona."

"Wameona mikono. Hata anayeanika nguo huinua mikono."

Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko. Cicily hakukohoa.

"Anayeanika nguo hashindi Kiambere akiimba na watu wasiojulikana wanamwabudu nani," akasema. "Mimi wakwe zako siwajui, na yule mtoto sina neno naye. Lakini siwezi kuwapeleka akina mama wa Bwana kwenye boma ambalo hatujui linaelekea wapi."

Igoki alimtazama. Akilini alimwona Wawira langoni, vibuyu chini, migongo ya watu wa kwao ikienda. Akasikia mdomo wake ukisema, "Ijumaa nitakuja."

Ijumaa alikwenda. Kanisa lilijaa kuliko Krismasi, kwa maana toba ya mtu mwingine haina kiingilio. Mbele, mahali pa kupigia magoti, Cicily alikuwa ametandika gunia, safi, limekunjwa mara mbili, ili jirani asiumie.

"Dada yetu ana neno," Mchungaji akasema.

Igoki alikwenda mpaka penye gunia, akasimama kando yake. Akavuta pumzi, ikashuka mpaka tumboni, ikakaa.

"Nina neno la kutubu," akasema. "Miaka yote niliyovaa sare ya kwaya hii, sikuimba. Niliambiwa nichezeshe mdomo, nikachezesha. Nimesimama mbele za Mungu nikajifanya naimba. Huo ni uongo, na huo natubu."

Watu waligeukiana. Cicily aliinamisha macho kwenye kitabu cha nyimbo, akafungua ukurasa usio na kitu.

"La mlima sitatubu, kwa sababu sikulifanya. Nikilisema hapa nitakuwa nimemdanganya Mungu mara ya pili, na safari hii kwa sauti. Nilikwenda Kiambere kupika, nikaonyeshwa kupumua. Niliimba, nikamwimbia Murungu yuleyule mnayemwimbia. Nitaamka na nitanyoosha mikono yangu, maana ni yangu. Kesho wakwe wananijia. Mwenye kuja aje."

Akaanzisha wimbo wa kufunga ibada, ambao kila mtu anaujua tangu tumboni. Akautupa. Hakuna aliyedaka. Akaimba ubeti mzima peke yake, sauti ikikwaruza mabati, kisha akatoka nje. Magoti yake aliyafikisha nyumbani yakiwa hayajagusa gunia.

Ilipofika saa ya kulala ilijulikana kila mahali kwamba kikundi kimepitisha: hakuna mama atakayekanyaga kwa Muthamia.

*

Jumamosi walipika wenyewe. Bundi alikuja na gari la kukodi lililobeba mchele na mbuzi mmoja, akafunga kamba ya balbu barazani mchana kweupe, kwa sababu fundi wa umeme haoni njia nyingine ya kuonyesha furaha. Ndengu zilikuwa tayari, na mokimo, na chapati zimerundikwa kwenye hotipoti mpaka vifuniko vikakataa kufunga. Viti vya kukodi vilipangwa kwenye safu. Havikuwa na mtu. Viti vitupu hufanya boma lionekane tupu zaidi kuliko kama lisingekuwa na viti kabisa.

"Tungevirudisha nusu," Muthamia akasema.

"Vikae," akasema Igoki.

Wakwe walisikika kabla ya kuonekana. Njoki aliwaleta akina mama wa Kiambere, wembamba, wakavu, waliozoea kuchota maji mbali na kuimba njia nzima ili njia ipungue. Wakafika langoni, lango limefungwa kama inavyotakiwa, na Njoki akatupa:

"Tumetoka bwawani, vumbi limetuvika viatu. Vibuyu vinatulemea, tuvitue kwa nani? Nyumba hii ina watu?"

Wenzake wakadaka, *ina watu, ina watu?*, wakipiga miguu. Kisha wakanyamaza kungojea.

Wawira alitokea mlangoni na mtoto, akamtazama mama mkwe wake. Uso wake haukuomba kitu. Ulikuwa umekwisha kujiandaa kwa aibu, kama mtu anayekaza meno kabla ya sindano.

Igoki akatembea mpaka katikati ya uwanja.

"Ina watu," akaimba. "Ina mimi. Na mimi ni wengi kuliko mnavyoniona."

Nje, kilio kidogo cha mshangao, kisha kicheko. Njoki alikuwa ameitambua sauti. Lakini mila haina undugu. Akatupa tena, kwa ukali zaidi: tumesikia mmoja, mmoja ni mgonjwa anayeota, wako wapi wa kumdakia? Binti yetu mmemweka na kivuli?

Igoki alijibu. Alimtaja mtoto, akataja maziwa, akataja mbuzi ambaye hata sasa anajutia kuzaliwa Muthara. Lakini kila alipomaliza mstari, mahali pa kudaka palikuwa wazi, na wazi hilo lilisikika mpaka barabarani. Nje walikuwa wengi. Mtu mmoja hawezi kutupa na kudaka mwenyewe muda wote. Pumzi ilianza kupanda kifuani.

Ndipo nyuma yake ikatoka sauti nene, isiyo na mazoezi, iliyokosa mahali pa kuanzia ikaanza tu. *Ina watu.* Muthamia alikuwa amesimama kando ya hotipoti, kofia mkononi, akitazama ardhi. Mwanamume haimbi langoni, na kila mtu anajua. *Ina watu*, akasema tena, na safari hii Bundi akaingia naye, na Wawira, akimtikisa mtoto kwa mdundo.

"Mmeazima madume?" Njoki akaimba kutoka nje, na wenzake wakaangua kicheko. "Muthara wanawake wameisha?"

Hilo lilikuwa tusi. Tusi zuri, la mila, lakini tusi la kijiji kizima.

"Hawajaisha."

Sauti ilitoka juu ya ua wa michongoma, nyembamba, safi, kali kama wembe mpya. Cicily alikuwa kwake, kanga kichwani, kidevu juu ya miiba. Nyuma yake walionekana watatu wa kikundi, waliokuja, bila shaka, kuazima chumvi. "Hawajaisha," akaimba, "walikuwa wanawaoneeni huruma, maana mkijibiwa na sisi mtarudi Mbeere kwa magoti."

Igoki hakugeuka. Alitupa mstari uliofuata juu zaidi ya wa kwanza, na Cicily akaudaka. Akatupa mwingine, wakaudaka wote, sauti ya kukwaruza mbele na ya wembe nyuma yake, na huko nje Wambeere wakapiga vigelegele vya kushindwa, vitatu, vya mtoto wa kike. Lango likafunguliwa. Njoki aliingia akicheka na machozi, akamvika Igoki vumbi lote la safari kwa kumkumbatia, kisha akamnyang'anya Wawira mtoto. Wawira alisimama wima kati ya mama zake wawili, na viti vikaanza kujaa.

Chakula kilipopakuliwa Igoki alikwenda mpaka penye ua wa michongoma. Cicily hakuwa ameondoka.

"Sijakanyaga kwako," akasema Cicily. "Wasije wakasema. Niko kwangu."

"Nimeona."

"Na sikuimba kwa ajili yako. Wambeere hawawezi kupanda mpaka huku waje kutunyamazisha langoni kwetu."

"Kwenye ule ubeti wa mwisho ulichelewa."

"Ulinikimbiza. Hiyo sauti yako haina breki." Akang'oa jani la mchongoma, akalikunja. "Ningekuambia siku ile ujifunze, badala ya kukuambia unyamaze. Ningeweza."

"Ungeweza."

Hawakuliongeza wala kulipunguza. Upande wa pili Njoki alikuwa akiita sahani.

"Na kesho asubuhi? Utasimama tena hapo?"

"Palepale, mikono juu. Nikimaliza nitakuja kanisani, nikae safu ya mbele, niimbe."

"Hakuna aliyekuruhusu kurudi."

"Sijaomba ruhusa. Mkitaka kunitoa, mtanitoa nikiwa naimba."

Cicily aliangalia barabarani. Watu walikuwa wamejaa huko, wamesimama makundi makundi, hakuna aliyekuwa akienda popote. Akawaangalia wenzake watatu, ambao wote waligundua wakati uleule kwamba kuna kitu cha kutazama chini.

"Ninyi nyote," Igoki akasema. "Msipenye kwenye michongoma kama kuku. Zungukeni na barabara, mpite langoni, awaone kila aliye na macho. Ndengu zinapoa, Mama Kiogora. Ingia ule."